Kabla ya Jengo Jipya: Mpangilio wa Hatua katika Kuendeleza Upya Stesheni Kuu ya Reli ya Nairobi na Eneo Linaloizunguka

Ikisiri

Makala haya yanaeleza masuala ya msingi katika upangaji wa uendelezaji upya wa stesheni kuu ya reli ya Nairobi na ardhi inayoizunguka. Hoja inayojengwa ni kwamba hatima ya mradi wa aina hii huamuliwa na mpangilio wa hatua zake kuliko na sura ya jengo linalopendekezwa. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yanachunguza mambo matatu: haki za watu walio katika ardhi ya reli, njia za waendao kwa miguu, na ulinzi wa majengo ya kale. Aidha, mfano wa King's Cross mjini London unatumiwa kwa ulinganishi. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza mfuatano wa hatua tano.

1.0 Utangulizi

Mnamo Desemba 2022, Rais William Ruto alizindua rasmi mradi unaojulikana kama Nairobi Railway City. Mradi huo unahusu ardhi yenye ukubwa wa ekari 425, yaani takriban hekta 172, iliyozungukwa na Barabara za Haile Selassie, Uhuru, Bunyala na Landhies. Wazo lenyewe halikuanza mwaka huo. Mpango kabambe wa jiji uliokamilishwa mwaka 2014 kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA) ulikuwa umekwisha kupendekeza kwamba kitovu cha biashara cha Nairobi kipanuliwe kuelekea kusini, ndani ya ardhi ya reli.

Mjadala wa hadharani kuhusu mradi huu umetawaliwa na michoro ya jengo jipya la stesheni. Hilo si la kushangaza, kwa kuwa picha ya jengo hueleweka upesi kuliko ramani ya matumizi ya ardhi. Hata hivyo, jengo ni sehemu ndogo ya ekari 425. Swali ambalo makala haya yanalishughulikia ni hili: katika mradi mkubwa kiasi hiki, ni jambo gani linalopaswa kutangulia, na kwa nini?

2.0 Stesheni Iliyozaa Jiji

Katika miji mingi mikongwe, stesheni ilijengwa baada ya mji kuwapo. Nairobi ni kinyume chake. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika mahali hapa mwishoni mwa Mei 1899. Wajenzi walihitaji uwanda wenye maji wa kupumzisha mitambo, kuweka bohari na kujiandaa kabla ya kupanda miinuko inayoelekea Bonde la Ufa. Katika mwaka huohuo makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kambi ya Nairobi ilikuwa imekwisha kuwa mji.

Historia hiyo ina athari mbili kwa mpangaji wa leo. Kwanza, ardhi ya reli ilichukua uwanda wa kati kabla ya mtu mwingine yeyote kupimiwa kiwanja. Hii ndiyo sababu ardhi kubwa kiasi hiki, iliyo chini ya mamlaka ya taasisi chache, ingali ipo hatua chache kutoka Barabara ya Moi. Pili, karakana, mabohari na njia za reli zilijenga ukuta usioandikwa baina ya kitovu cha biashara upande wa kaskazini na Eneo la Viwanda upande wa kusini. Kwa hiyo, stesheni iliyouzaa mji ndiyo pia iliyougawa.

Ujio wa reli ya kisasa haukuiondolea stesheni hii umuhimu. Treni za SGR kati ya Mombasa na Nairobi zilianza mwaka 2017, lakini stesheni yake iko Syokimau, nje ya kitovu cha jiji. Upana wa reli hiyo ni milimita 1,435, ilhali reli ya zamani ina milimita 1,000. Treni za njia moja haziwezi kupita katika njia nyingine. Abiria anayeshuka Syokimau na kutaka kufika mjini kwa reli hulazimika kubadili treni na kuingia katika njia ya zamani. Hivyo, stesheni kongwe bado ndiyo mlango pekee wa reli wa kuingilia katikati ya jiji, kwa msafiri wa Mombasa na kwa mfanyakazi anayetoka Ruiru au Kikuyu kila asubuhi.

3.0 Ardhi Moja, Wenye Haki Wengi

Kosa la kwanza linaloweza kufanywa katika upangaji ni kuichukulia ardhi ya reli kuwa tupu. Ndani na pembezoni mwa mipaka iliyotajwa kuna soko la Wakulima, ambalo wakazi huliita Marikiti. Soko la Muthurwa, lililojengwa ili kuwahamishia wachuuzi waliokuwa katikati ya jiji. Kituo cha matatu cha Railways. Na mtaa wa makazi wa Muthurwa. Mtaa huo ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa reli. Makazi ya aina hiyo yaliitwa landhi, na neno hilo lingali hai katika jina la Barabara ya Landhies.

Kisa cha Muthurwa kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa kinafundisha zaidi ya mchoro wowote. Shirika la reli lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2006 na huduma kukabidhiwa mwendeshaji binafsi, sehemu ya ardhi na majengo yake iliwekwa chini ya mfuko wa mafao ya wastaafu wa reli ili ilipie pensheni. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walitakiwa kuondoka ili mtaa uendelezwe upya. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu. Katika hukumu ya mwaka 2013, Mahakama ilikubali kwamba mfuko ulikuwa mmiliki halali wa ardhi, lakini ikaamua kwamba namna wapangaji walivyoanza kuondolewa ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya makazi inayotajwa katika Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010.

Ugumu wa kisa hiki ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na dai la haki. Mstaafu aliyelitumikia shirika kwa miaka mingi alihitaji pensheni yake, na ardhi ndiyo iliyokuwa dhamana yake. Mpangaji naye alihitaji paa, na mtaa ulikuwa umejengwa kwa ajili ya watu wa reli. Mpango uliowagonganisha wawili hao ulianza na thamani ya ardhi; haukuanza na orodha ya watu. Matokeo yake yalikuwa miaka ya mashauri mahakamani.

Tangu wakati huo sheria imesonga mbele. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yaliweka sharti la notisi ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa katika ardhi wanayoikalia isivyo halali, pamoja na taratibu za kuwaondoa kwa utu. Mwaka 2021, Mahakama ya Juu, katika shauri lililohusu kijiji kilichobomolewa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilitambua kwamba hata wasio na hatimiliki wanaoishi katika ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa. Mpangaji anayepuuza maendeleo haya ya sheria hauharakishi mradi wake. Anauandalia zuio la mahakama.

4.0 Njia za Waendao kwa Miguu

Suala la pili ni mwendo. Michoro ya usafiri kwa kawaida huanza na treni na magari, kisha humtafutia mtembea kwa miguu nafasi iliyobaki. Nairobi ni jiji ambalo wakazi wake wengi hutembea. Anayeshuka treni hutembea hadi kazini. Anayetoka South B au mitaa ya Mukuru kwenda mjini hukutana na ukuta wa ardhi ya reli na kulazimika kuuzunguka. Barabara ya Haile Selassie yenyewe, iliyo mbele ya stesheni, ni kizuizi kingine. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kandokando ya Barabara ya Uhuru imeongeza uzito wa mpaka wa magharibi.

Kwa sababu hiyo, kipimo bora cha mradi ni dakika anazotumia mtu kutembea kutoka Barabara ya Bunyala hadi Barabara ya Moi, si idadi ya ghorofa zitakazojengwa. Vivuko vya kupita juu au chini ya njia za reli vikijengwa mapema, kila jengo litakalofuata litalazimika kuzielekeza milango na maduka yake kwenye njia hizo. Vikiachwa hadi mwisho, vitakuta viwanja vimekwisha kukodishwa na kuta zimekwisha kuinuka, na gharama ya kufungua njia itakuwa kubwa mno kulipwa. Wachuuzi nao hufuata njia za watu. Soko likihamishwa mbali na mkondo wa wapitaji, wachuuzi watarejea barabarani hata likiwa na paa zuri.

5.0 Ulinzi wa Majengo ya Kale

Suala la tatu ni urithi. Katika eneo hili kuna jengo la zamani la stesheni, makao makuu ya reli, karakana, pamoja na Makavazi ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Miongoni mwa vilivyohifadhiwa humo ni behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba huko Kima mwaka 1900. Upande wa pili wa Barabara ya Haile Selassie kuna bustani ya kuwakumbuka waliouawa katika shambulizi la bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Kwa hiyo, kumbukumbu za mahali hapa haziishii kwenye enzi za ukoloni.

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamwezesha Waziri kulitangaza jengo lenye umuhimu wa kihistoria kuwa chini ya ulinzi. Umuhimu wa tangazo hilo uko katika wakati wake. Jengo likitangazwa kabla ya viwanja kugawanywa, mbunifu hulipokea kama sharti na kulitafutia matumizi. Likisubiri hadi mwekezaji awe na kibali mkononi, kila siku ya kulilinda huhesabiwa kuwa hasara, na aghalabu jengo ndilo linaloshindwa. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba nyumba za landhi ni urithi sawa na ofisi za wakubwa. Kuhifadhi jengo la meneja na kufuta kila dalili ya makazi ya fundi na mpakiaji mizigo ni kuandika historia kwa upande mmoja.

6.0 Ulinganishi: King's Cross, London

Mradi wa King's Cross hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya uendelezaji wa stesheni, na ulinganishi huu una mashiko zaidi kwa kuwa kampuni ya Uingereza, Atkins, ilishiriki katika kuandaa mpango wa Nairobi. Stesheni ya King's Cross ilifunguliwa mwaka 1852, na nyuma yake kulikuwa na yadi ya mizigo iliyochakaa. Kibali cha jumla cha kuendeleza ekari 67 kilitolewa mwaka 2006. Ghala la nafaka la karne ya 19 halikubomolewa. Mwaka 2011 lilifunguliwa kama chuo cha sanaa. Wanafunzi na uwanja wa wazi mbele ya ghala vilitangulia kabla ya sehemu kubwa ya ofisi kujengwa, na takriban ekari 26 zilitengwa kuwa maeneo ya wazi.

Funzo hapa ni la mpangilio, wala si la mtindo wa ujenzi. Hata hivyo, ulinganishi una mipaka. Eneo la Nairobi ni zaidi ya mara sita ya lile la London. Yadi ya King's Cross ilikuwa imepoteza shughuli zake nyingi, ilhali Marikiti na Muthurwa hulisha jiji kila siku. Kunakili mchoro wa London bila kuzingatia tofauti hiyo ni kuleta jibu la swali jingine.

7.0 Mpangilio wa Hatua Unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mfuatano ufuatao. Hatua ya kwanza ni kuwaorodhesha wakazi, wachuuzi na wahudumu wa matatu, pamoja na kubainisha madai ya mfuko wa wastaafu, kwa tarehe inayotangazwa hadharani. Hatua ya pili ni kutangaza majengo ya kulindwa. Ya tatu ni kujenga vivuko na njia za miguu. Ya nne ni kukamilisha makazi na masoko mbadala ndani ya eneo lilelile kabla ya kubomoa yaliyopo. Ya tano, na ya mwisho, ni kukodisha viwanja vya biashara.

Pingamizi kubwa dhidi ya mfuatano huu ni la fedha: bila kukodisha viwanja kwanza, hatua nne za mwanzo zitalipiwa na nini? Pingamizi hili ni la kweli, na halijibiwi kwa maneno matamu. Hatua mbili za kwanza zinahitaji kazi ya maafisa na vikao vya wananchi kuliko saruji. Hatua ya tatu na ya nne zinahitaji mkopo au ruzuku, na zinaweza kutekelezwa kwa awamu, kila awamu ikigharimiwa kwa sehemu na viwanja vya awamu iliyotangulia. Kiwanja kilicho kando ya njia inayopitiwa na watu, kisicho na shauri mahakamani, hukodishwa kwa bei ya juu kuliko kilichozungukwa na ukuta na zuio. Anayekodisha mapema huuza thamani ambayo bado hajaijenga.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uendelezaji upya wa stesheni ya Nairobi ni suala la mpangilio wa hatua kabla ya kuwa suala la usanifu. Reli ilipofika mwaka 1899, njia na bohari vilitangulia, na makazi ya wafanyakazi yakafuata penye nafasi iliyobaki. Jiji limeishi na matokeo ya mpangilio huo kwa zaidi ya karne moja. Mradi wa sasa unatoa fursa adimu ya kuugeuza: watu waorodheshwe, majengo yalindwe, njia zifunguliwe na makazi yawe tayari, ndipo minara ijengwe. Hatua hizo zikigeuzwa kichwa chini, stesheni mpya inaweza kukamilika na kupendeza, lakini mkazi wa Muthurwa atakuwa ameondoka na mtembea kwa miguu wa Mukuru atakuwa bado anauzunguka ukuta uleule.