Sema Mahali Kwanza

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaongea juu ya simu ya dharura. Kiangazi kimefika, nyasi na maturubai yamekauka, cheche moja ya jiko inatosha kuchoma nyumba tatu.

Hapa Tanzania namba ni hizi:
112 – polisi.
114 – zimamoto na uokoaji.
115 – usafiri wa dharura wa mama mjamzito, mzazi na mtoto mchanga.
116 – msaada kwa mtoto anayeteswa au kunyanyaswa.
Zote ni za bure. Hata kama huna vocha, piga tu.

Lakini kujua namba peke yake haitoshi. Tuliwauliza watoto wa darasa la nne: nyumba ikishika moto utasema nini kwenye simu? Karibu wote walijibu, "Njooni haraka, nyumba inaungua!" Basi. Nyumba gani? Wapi? Hakuna aliyesema. Na simu ikikatika hapo, nani atawafikia?

Kwa hiyo, tufuate hivi:

Kwanza, sema mahali. Taja wilaya, kambi, zoni, kijiji, na kitu kinachojulikana kama shule, kanisa, msikiti au bomba la maji.

Pili, sema shida: moto, mtu kaumia, mama ana uchungu. Sema ni watu wangapi.

Tatu, toa namba yako ya simu. Jibu unayoulizwa, na usikate mpaka uambiwe.

Nne, tuma mtu asimame barabarani apokee gari.

Gari linaweza kutoka mbali, tusikae tukingoja. Vijana wakimbie kwa sungusungu na kwenye zahanati, wengine walete mchanga na maji. Na jamani, ukishatoka usirudi ndani kufuata kadi ya chakula. Kadi inaombwa nyingine, mtu haombwi mwingine.

Wapo wanaoogopa: "Mimi mkimbizi, Kiswahili changu ni cha Kongo, watanielewa?" Sema polepole, watakuelewa. Moto hauulizi mtu katoka nchi gani.

Kwa wenye ndugu waliohamia mbali, waulizeni kama watoto wao wanajua namba ya huko. Marekani na Kanada ni 911, Australia 000, nchi za Umoja wa Ulaya 112. Vituo vingi vya 911 vinapata mkalimani kwa simu. Mtu aseme tu "Swahili" na asikate.

Watoto, namba hizi si za mchezo. Ukishika laini kwa utani, mwenye shida ya kweli anangoja.

Wazazi, leo jioni kabla ya kulala, kila mtoto ataje zoni, kijiji na namba ya nyumba yake. Asiyejua afundishwe leo, siyo kesho.