Mashariki Ikigeuka Kaskazini

Kahawa ya Hasamba, wilayani Mbozi, haipandwi kwa kufuata dira. Penye mteremko, mistari ya miche hukingama ili mvua isizoe udongo, na mara nyingi hulala mshazari, si mashariki wala kaskazini.

Tuseme kona ya shamba ni kitovu, (0, 0). Mstari wa kwanza unaanzia hapo na kupita kwenye kigingi kilicho hatua 4 mashariki na 3 kaskazini: (4, 3). Unataka mstari mwingine uanzie konani hapohapo, uachane na wa kwanza kwa pembe mraba. Huna chombo cha kupimia pembe. Kigingi cha pili ukichomeke wapi?

Hatua 3 magharibi, 4 kaskazini.

Kanuni ya darasani husema (x, y) ikizungushwa nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa huwa (-y, x). Wanafunzi huikariri, kisha kwenye mtihani alama ya kutoa inakaa pasipo pake. Siwalaumu, wamepewa jibu bila sababu. Nayo sababu ni nyepesi. Safari ya kufika kigingini ina vipande viwili, basi geuza kila kipande peke yake. Mashariki ikigeuka robo duara huwa kaskazini, kwa hiyo zile hatua 4 sasa zinaelekea kaskazini. Kaskazini nayo huwa magharibi, na zile 3 zinaifuata. Alama ya kutoa maana yake ni magharibi, basi. Ukitaka uhakika, pima kwa kamba: kila kigingi kiko hatua 5 kutoka konani, na kati yao ni hatua 7 na chembe, kama Pythagoras anavyodai.

Pembe nyingine hazidai zaidi ya hapo. Kwa nyuzi 30, hatua moja ya mashariki inakuwa 0.87 mashariki na 0.5 kaskazini: cos na sin za pembe hiyo.

Ramani nazo huzunguka. Hasamba iko jirani na longitudo 33 mashariki, mstari wa kati wa ukanda wa 36 wa mfumo wa ramani wa UTM. Hapo miraba ya ramani inaelekea kaskazini halisi, au karibu kabisa. Dodoma, iliyo ukanda huohuo lakini mbali na mstari, miraba imepinda takribani nyuzi 0.3. Ni kidogo, lakini ukitembea kilomita moja umekosea kama mita 5, upana wa kutosha kuingia shambani kwa jirani.