Taa za Shaba na Heshima ya Fundi

Neno sanaa tulilikopa kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake wahusu kutengeneza kitu kwa ustadi. Waingereza, kinyume chake, walikuwa wamekwisha kumtenga msanii na fundi. Ndiyo sababu mwaka 1887, T.J. Cobden-Sanderson alipolitafutia jina kundi lililotaka kuwapatanisha wawili hao, ilimbidi aunganishe maneno mawili: Arts and Crafts, yaani sanaa na kazi za mikono.

Taa za shaba za vuguvugu hilo, ambazo leo hutafutwa na wapenzi wa vitu vya kale, zina funzo kwetu. William Morris na wenzake waliamini kwamba kiwanda kilimnyang'anya fundi furaha ya kazi yake. Hata hivyo, mafundi waliomfuata hawakushika njia moja.

C.R. Ashbee aliunda chama cha mafundi mashariki mwa London mwaka 1888. Kwao, alama za nyundo juu ya madini zilikuwa fahari. Mwaka 1902 wakahamia mji mdogo wa Chipping Campden pamoja na jamaa zao. Lakini kazi ya mkono ni ghali, na bidhaa za viwandani ni rahisi. Haikupita miaka kumi kampuni yao ikafungwa.

W.A.S. Benson, rafiki yake Morris, alifungua karakana mwaka 1880. Yeye hakuiogopa mashine. Alibuni taa ambazo sehemu zake zilitengenezwa kwa mashine kisha zikaunganishwa, na shaba iliyong'arishwa ikaurudisha mwanga pasipo kuyaumiza macho. Taa zake zingalipo katika nyumba ya Standen, Sussex, iliyomalizika mwaka 1894 ikiwa na umeme tangu mwanzo.

Je, Benson aliisaliti imani ya wenzake? Sidhani. Adui hakuwa mashine, bali utengano wa akili inayobuni na mkono unaotenda. Benson aliijua mashine kama Ashbee alivyoijua nyundo.

Utengano huo umo madarasani mwetu pia. Mwalimu anayemtisha mwanafunzi mzembe kwamba ataishia kuwa fundi humkosea mwanafunzi, na humkosea fundi zaidi. Kiswahili chenyewe hakimdharau mtu huyo. Fundi, kufundisha na mafunzo ni maneno ya mzizi mmoja. Na mwalimu mwenyewe, apende asipende, ni wa ukoo huo.