Jinsi ya Kulielekeza Dishi kwa Mita

Picha ikipotea katika televisheni, watu wengi hudhani king'amuzi kimekufa. Kijijini kwetu mama mmoja aliuziwa kichwa kipya cha dishi kwa pesa alizoziweka za ada, kumbe bolti ilikuwa imelegea tu. Kazi hii nimefundishwa na mjomba wangu, nami napenda kuwaeleza wenzangu, maana haihitaji ila utaratibu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini kusogea kidogo ni jambo kubwa. Setilaiti za televisheni zipo juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, nazo huzunguka sawasawa na dunia, hata kwetu huonekana kama zimesimama. Dishi likikosea digrii 1 tu, huko juu limekosea zaidi ya kilomita 600.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam na setilaiti iliyo digrii 7 Mashariki. Dishi lapaswa kutazama Magharibi, likielekea Kaskazini digrii 11 hivi, na kimo chake kiwe digrii 52 hivi. Usishike dira karibu na nguzo ya chuma, itakudanganya.

Basi, anza na nguzo. Ipime kwa pimamaji. Ikiwa imeinama, vipimo vyote havifai. Pili, tazama kama mti haukukua ukaziba njia. Tatu, zima king'amuzi, ufungue maungio ya waya uone kama yana maji au kutu. Yakiwa mazima, tia mita kati ya kichwa cha dishi na waya uendao kwenye king'amuzi, kisha uwashe, kwa kuwa mita hupata umeme wake huko.

Sasa legeza bolti kidogo, usimame nyuma ya dishi, ulizungushe pole pole. Mshale ukifika mwisho, uurudishe katikati kwa kitufe, ndipo uendelee; la sivyo hutajua penye nguvu kuliko pote. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kimo.

Lakini angalia: mita ya bei nafuu hupima nguvu tu, haijui setilaiti ipi. Kwa hiyo mwenzako atazame kipimo cha ubora katika televisheni. Nguvu ikiwa nyingi na ubora sifuri, huenda umekamata setilaiti jirani, endelea kutafuta. Ubora ukiwa mdogo, zungusha kichwa kidogo mahali pake. Mshale usipotikisika kabisa, na waya ni mzima na umeme wafika, hapo ndipo kichwa kishukiwe, wala si kabla.

Mwisho, kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, huku ukiutazama mshale, maana kukaza nako hulisogeza dishi. Kisha chora alama ya rangi penye nguzo na kikamatio. Siku picha itakapopotea tena, itazame alama hiyo kabla hujatoa hata senti moja.