Mgeni wa Riruta, Uliza Maji Kwanza

Kila msimu wa kaskazi, jamaa zetu wa Riruta hushuka Watamu kupiga kafi wakiwa wamesimama juu ya ubao, katika mkono wa bahari wa Mida. Maji hapo huonekana yametulia kama ya bwawa, lakini yasikudanganye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakianza kupwa, maji hayo hukimbilia mlangoni kuelekea bahari kuu, nawe pamoja nayo.

Basi ndugu mgeni, muulize mvuvi saa za maji. Ingia yakijaa, rudi kabla hayajaanza kupwa. Vaa jaketi la kujiokoa. Ukizidiwa, usiuache ubao ukaogelea; ulalie, upunge mkono. Ubao huelea, mwili huchoka.