Koti la kijani la bibi: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

UKITAJA sare za vita, wengi mawazo yao yanakimbilia kwa wanaume: magwanda, mabuti na medali kifuani. Lakini huko Uingereza wapo watu wanaopekua minadani na kwenye makabati ya marehemu bibi zao wakitafuta kitu kingine kabisa. Wanatafuta koti la kijani la mama aliyekuwa akigawa chai huku mabomu yanadondoka.

Hao ni wakusanyaji wa sare za WVS, chama cha akina mama wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1938, wakati vita kuu ya pili inanukia. Mwanzilishi wake alikuwa Stella Isaacs, mjane aliyejulikana zaidi kama Lady Reading.

Kazi yao haikuwa ya mchezo, msomaji wangu. Septemba 1939 watu kama milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka mijini. Akina mama wa WVS walikuwepo kuwapokea na kuwatafutia pa kulala. London ilipoanza kupigwa mabomu mwaka 1940, wao ndio waliokuwa kwenye magari ya chai, wakiwahudumia askari wa zimamoto na watu waliobomolewa nyumba. Hata mitumba iliyotoka Marekani na Kanada waliigawa wao. Wanachama walifika karibu milioni moja. Mshahara? Hakuna.

Walijinunulia wenyewe

Sasa sikia kasheshe. Kazi unafanya bure, na sare unanunua kwa hela yako! Aliyeshindwa alivaa beji tu, au kitambaa cha mkononi, au ovaroli juu ya nguo zake za kawaida.

Mwenye uwezo alipendeza, usiseme. Sare ilibuniwa na Digby Morton, mwanamitindo aliyetamba London enzi hizo. Koti na sketi vilikuwa vya sufu ya kijani iliyochanganywa na kijivu, sweta rangi ya damu ya mzee, na juu pama la kijani.

Kwa nini leo ni adimu? Kuanzia Juni 1941 nguo zilinunuliwa kwa kuponi, na mtu mzima alipewa 66 tu kwa mwaka wa kwanza. Mgawo huo haukuisha hadi Machi 1949. Katika hali hiyo koti zuri la sufu nani analitupa? Linavaliwa mpaka linachakaa, halafu linakatwa, mtoto anashonewa kitu. Isitoshe, chama kiliendelea na kazi baada ya vita, na sare nazo zikaendelea kupiga mzigo.

Utaijuaje ya kweli?

Ukiingia kichwa kichwa utaingizwa mjini. Kwanza, angalia beji. Ikiwa na herufi WRVS, basi hiyo si ya vita. Jina hilo lilikuja mwaka 1966, chama kilipopewa heshima ya kifalme. Leo kinaitwa Royal Voluntary Service.

Pili, angalia lebo. Alama ya CC41 inawachanganya wengi. Ilianza mwaka 1941 lakini ikatumika hadi 1952, hivyo peke yake haitoshi kuthibitisha kitu. Ukikuta lebo inataja poliesta, au ina vile vialama vya kufulia, rudisha hela mfukoni. Zipo sare zinazoshonwa siku hizi kwa ajili ya maonyesho ya kuigiza maisha ya vita. Kuzivaa si kosa, kosa ni kuuziwa kama za mwaka 1940.

Tatu, usikimbie viraka. Kiwiko kilichotiwa kiraka na kola iliyochakaa vinaonyesha kwamba mwenyewe alichapa kazi. Na kama kuna kitambaa cha jina ndani ya kola, wee, usikibandue!

Maana hapo ndipo yanapofanyika makosa makubwa. Bibi akifariki, wajukuu wanagawana vitu: beji huku, pama kule, koti linauzwa bila maelezo. Baada ya hapo hakuna ajuaye lilikuwa la nani, wala alihudumia mtaa gani. Picha moja ya bibi akiwa ndani ya sare ina thamani kuliko vifungo vinavyong'aa. Vitu hivyo viuzwe pamoja, au vikae pamoja.

Ukilipata, usilifue kwa maji ya moto, sufu itasinyaa. Usilitundike kwenye hanga ya waya. Nondo wakiingia, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulitie kwenye friza wiki mbili. Kisha andika jina la mwenyewe, mji wake na miaka aliyotumikia, karatasi uiweke pamoja na koti.

Na kama bibi yupo hai, muulize leo leo.