Kabla ya kulipia kasi zaidi, pima ukuta: Namna ya kufunga ruta ya meshi katika nyumba mpya



Baada ya Idi tulihamia nyumba ya wazee, Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu sisi ni nyumba mpya, ingawa yenyewe ina umri mkubwa kuliko marehemu babu. Jambo la kwanza watoto waliloulizia halikuwa kitanda wala jiko. Lilikuwa waifai. La pili liliulizwa na mama yangu, na lilikuwa zito zaidi: "Nitamuona vipi mwanangu?" Ndugu yangu mdogo yuko Bahrain mwaka wa sita sasa, na kila usiku baada ya Isha hupiga simu ya video. Kwa mama, simu hiyo ni kama dawa yake ya presha. Haikosi.

Mafundi wa kampuni ya intaneti walikuja, wakatoboa tundu dogo karibu na mlango wa mbele, wakapachika boksi lao ukumbini na kuondoka kabla ya Adhuhuri. Pale ukumbini mambo yalikuwa safi. Chumbani kwa mama, nyuma kabisa ya nyumba, uso wa ndugu yangu uliganda mdomo wazi, sauti ikakatika, na mama akaweka simu chini kimya.

Nilipiga simu kwa kampuni. Nikaambiwa nipande kifurushi, shilingi 1,500 zaidi kwa mwezi. Nikapanda. Miezi miwili nililipa, na chumbani kwa mama hakukubadilika chochote. Naandika haya ili wewe usilipe shilingi 3,000 nilizolipa mimi bure.

Tangi limejaa, mfereji wa nyuma hautoi maji

Kuna vitu viwili ambavyo wengi wetu tunaviita kwa jina moja la "intaneti". Cha kwanza ni laini inayoingia nyumbani, yaani ile faiba. Cha pili ni waifai, mawimbi yanayoitoa intaneti kwenye boksi na kuifikisha kwenye simu yako. Laini ni kama tangi la juu ya nyumba, na waifai ni bomba linalopeleka maji hadi mfereji wa chooni. Ikiwa bomba limebana, hata ukiongeza tangi la pili mfereji utadondosha vile vile.

Sisi wa Mombasa tuna jambo la kuchekesha hapa. Mwaka 2009 waya wa TEAMS uliletwa hapa kwetu chini ya bahari kutoka Fujairah, zaidi ya kilomita 4,000. Mwaka huo huo ukafika pia ule wa SEACOM. Intaneti inavuka bahari yote hiyo salama, kisha inashindwa na ukuta wa nusu mita kati ya ukumbi na chumba cha mama.

Na kuta zetu ni kuta kweli. Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene ajabu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hushika unyevu, na maji ni adui wa mawimbi ya waifai. Tena vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu wazee walijenga kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hivyo kutoka mbele hadi nyuma mawimbi hukutana na ukuta baada ya ukuta. Wa nyumba za kisasa Nyali, Kisauni au Mtwapa nao wasicheke. Sakafu ya simiti yenye vyuma baina ya ghorofa mbili huzuia mawimbi vile vile.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, pima. Simama mita moja kutoka kwenye boksi, fungua programu yoyote ya kupima kasi, andika namba kwenye karatasi. Kisha nenda chumba hadi chumba ukifanya hivyo hivyo. Mimi, kwenye kifurushi changu cha kwanza cha megabiti 30, nilipata 28 ukumbini na 2 kwa mama. Namba hizo mbili zilikuwa na jibu lote. Laini haikuwa na kosa, kosa lilikuwa njiani. Lakini ukipata kasi ndogo hata ukiwa umesimama kando ya boksi, hilo ni la kampuni, na hakuna ruta utakayonunua itakayolitibu.

Meshi ni nini hasa

Meshi ni neno la Kiingereza la matundu ya wavu, na mvuvi yeyote angeielewa haraka. Badala ya boksi moja kupiga kelele ili lisikike nyumba nzima, unaweka vipande viwili au vitatu vinavyopokezana. Kimoja, kile kikuu, huunganishwa na laini kwa waya. Vingine huwekwa mbali, vikapokea kutoka kwa kikuu na kurusha mbele. Jina la waifai ni moja nyumba nzima, na simu yako huhama kutoka kipande kimoja hadi kingine wewe ukitembea.

Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji meshi. Hapo mara nyingi inatosha kulihamisha boksi kutoka pembeni hadi katikati ya nyumba. Mwombe fundi wa kampuni akufanyie hivyo siku ile ile anapofunga, kabla hajatoboa. Mimi sikuomba, nikajutia.

Kosa langu: mabwana wawili katika nyumba moja

Nilinunua meshi ya vipande viwili, nikachomeka, nikafuata maelezo ya kwenye simu. Mambo yakawa mabaya zaidi. Simu ya mama iling'ang'ania waifai ya zamani. Printa ya mke wangu ikapotea. Kamera ya mlangoni ikakataa kuonekana nikiwa kazini.

Sababu ni hii. Boksi la kampuni si kigeuzi cha faiba tu. Mara nyingi ndani yake tayari kuna ruta. Kazi ya ruta ni kukipa kila kifaa nyumbani anwani yake, kama namba ya mlango, na kuongoza mizigo inayoingia na kutoka. Meshi nayo ni ruta. Ukiiunganisha ilivyo, unakuwa na mabwana wawili, kila mmoja anagawa namba zake. Kuvinjari kutaendelea, lakini kifaa kilicho upande wa bwana mmoja huenda kisikione kilicho upande wa mwingine, na kinachotaka kufikiwa kutoka nje, kama kamera, hukwama mlango wa pili.

Dawa ni kumuondoa bwana mmoja, na njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kuiacha ruta ya kampuni iendelee kugawa anwani, na kuiambia meshi iwe ya kurusha mawimbi tu. Katika programu ya meshi, tafuta mahali pa kuchagua hali ya kazi, uweke ile inayoandikwa kwa herufi mbili, AP. Hii ndiyo rahisi, na ndiyo niliyoifuata. Hasara yake ni kwamba baadhi ya meshi zikiwa katika hali hiyo huzima vitu vya ziada, kama kuwapangia watoto saa za kutumia intaneti.

Ya pili ni kuiomba kampuni iligeuze boksi lao liwe daraja tu, ili meshi ndiyo iwe ruta. Hapa huenda ukahitaji jina na neno la siri la akaunti ya laini, na si kila kampuni itakubali. Kama unahitaji kuwachunga watoto kupitia meshi, njia hii inastahili usumbufu wake. Vinginevyo, shika ile ya kwanza.

Kufunga, hatua kwa hatua

Kwanza, tambua nyaya zako. Ule mwembamba unaotoka ukutani ni faiba, ndani yake ni kioo kinachopitisha mwanga. Usiukunje, usiuchomoe, na usichungulie ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Waya wako ni ule mnene wa mtandao uliokuja na meshi.

Pili, zima boksi la kampuni. Chomeka waya wako kwenye tundu lililoandikwa LAN, na upande wa pili kwenye tundu la WAN la kipande kikuu cha meshi. Meshi nyingine hazina maandishi, tundu lolote linafaa. Soma kikaratasi chake.

Tatu, washa boksi la kampuni peke yake na usubiri dakika mbili au tatu taa zitulie. Ndipo uwashe meshi. Mpangilio huu ukumbuke hata siku stima ikipotea na kurudi: boksi kwanza, meshi baadaye.

Nne, fuata programu kwenye simu, uweke hali ya AP, kisha upe waifai jina na neno la siri. Siri ndogo hapa: ukitumia jina na neno lile lile ulilokuwa nalo awali, simu, runinga na printa zote zitajiunga zenyewe, na hutazunguka nyumba nzima ukibonyeza.

Tano, weka kipande cha pili chumba kimoja na kile kikuu mpaka vijuane. Kikishakubali, ndipo ukihamishe.

Sita, na hapa ndipo wengi husahau, zima waifai ya boksi la kampuni. Boksi lenyewe libaki linawaka, ni waifai yake tu inayozimwa. Anwani ya kuingilia mipangilio yake huwa kwenye kibandiko chini ya boksi. Ukishindwa, piga simu kampuni wakuzimie. Usipoizima, simu zitaendelea kuishika ile dhaifu na utailaumu meshi bure.

Kipande cha pili kikae wapi

Nilikiweka chumbani kwa mama, pale pale penye shida. Nikapata megabiti 4. Ni kosa la kawaida sana. Kipande cha pili hakiumbi intaneti, kinapokea na kupokeza. Ukikiweka mahali ambapo mawimbi hayafiki, kitapokeza hicho hicho kidogo kinachokifikia. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo bado mawimbi ni mazuri, na ikiwezekana pawe panaonana na mlango. Mawimbi hupita mlangoni kwa urahisi kuliko kwenye jiwe. Nilikihamishia ukumbi mdogo unaotazamana na mlango wa mama, na namba ikapanda hadi 17.

Katika nyumba ya ghorofa, weka vipande karibu na ngazi, kimoja chini na kimoja juu yake. Usiweke nyuma ya runinga, ndani ya kabati, karibu na friji, wala nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia. Epuka pia dirisha linalopokea upepo wa bahari, maana chumvi hula vyuma vya ndani kimya kimya.

Njia bora kuliko zote ni kuviunganisha vipande viwili kwa waya, kwa sababu mawimbi yakipokezwa hewani hupoteza kasi kila hatua. Kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi wako apitishe bomba la waya wa mtandao ndani ya kuta kabla ya plasta. Ni gharama ndogo leo, kubwa kesho. Kwa sisi wa nyumba za kale, tusikimbilie drili. Kuta hizi zimesimama miaka mingi, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Waya unaweza kufuata boriti na kupita juu ya mlango.

Mengine madogo yenye uzito

Stima ikipotea, faiba huenda bado iko hai, ila maboksi yako hayana nguvu. Zipo betri ndogo maalumu za ruta. Kabla ya kununua, linganisha volti na ile iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye meshi. Si zote ni sawa, na volti zisizolingana zaweza kuua kifaa. Lazima vyote viwili vipate nguvu. Meshi hai na boksi lililokufa haikufai kitu.

Taa nyekundu kwenye boksi la kampuni, hasa iliyoandikwa LOS, ina maana mwanga wa faiba haufiki. Usihangaike na meshi. Piga simu kampuni.

Na wageni wakija, meshi nyingi zina waifai ya wageni yenye neno lake la siri. Mpe jirani hiyo. Ukarimu ni sunna, lakini si lazima jirani aione printa na kamera zako.

Baada ya yote haya nilirudi kwenye kifurushi changu cha zamani cha megabiti 30. Hakuna aliyegundua, isipokuwa mimi ninayelipa. Usiku wa kwanza ndugu yangu alipopiga, mama alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu ameinyosha. Alimtazama kitambo, kisha akamwambia, "Umekonda. Unakula kweli?"

Alhamdulillahi. Kama nyumbani kwako kuna mzee anayebeba simu hadi ukumbini ili amsikie mwanawe, anza leo kwa karatasi na kalamu. Pima kwanza.